Prosesa Nayo Ikatwe Kama Korosho

Hotuba kwa viongozi, wahasibu na mafundi wa TEHAMA wa vyama vya ushirika, Mtwara Mjini

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, wahasibu, makarani wa mizani na mafundi wenzangu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, Mtwara kuchele!

Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa seva, ile kompyuta kuu inayobeba mfumo wa ofisi, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Nashukuru kwamba safari hii mmeniita mapema. Mara nyingi fundi huitwa boksi likiwa limeshafunguliwa na malipo yameshasainiwa, kazi iliyobaki ni kueleza kwa nini mashine ya mamilioni inasuasua.

Nina profoma mbili hapa, nimeletewa na mhasibu mmoja aliyemo humu ndani. Moja ni ya seva yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel Xeon Silver 4314. Ya pili ina AMD EPYC 7313P. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ipi bora?" Nitamjibu, na nitataja ningeweka pesa wapi. Ila kwanza naomba twende ghalani.

Hapa hakuna asiyejua korosho inavyopimwa. Gunia likifika ghalani, mnunuzi makini halitazami kwa nje akataja bei. Sampuli inachukuliwa, korosho zinakatwa moja moja, kiini kinatolewa. Kilichooza kinatengwa, kilichosinyaa kinatengwa, kilicho salama kinapimwa, ndipo hesabu inasema gunia la kilo 80 litatoa paundi ngapi za kiini. Magunia mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuachana sana kwa kiini, na ninyi mnajua hilo kuliko mimi. Sasa mbona tukifika kwenye kompyuta tunanunua kwa kutazama gunia? "Kori 16", yaani vitengo 16 vya kazi ndani ya prosesa, ni uzito wa gunia. Kiini ni kazi inayotoka, yaani orodha ya malipo ya wakulima imekamilika saa ngapi.

Tuzikate basi hizi mbili.

Zote zilitoka mwaka 2021, EPYC mwezi Machi na Xeon mwezi Aprili. Warithi wao wapo sokoni, lakini hizi ndizo zinazoingia kwenye profoma zetu kwa bei inayozungumzika, na mfumo wa chama chenye wakulima elfu kadhaa hauhitaji zaidi ya hapo. Zote zina kori 16. Bei ya orodha zilipotoka ilikuwa dola 694 kwa Xeon na dola 913 kwa EPYC. Ofisa manunuzi akiona hivyo anasema kori ni zilezile, hii ina nafuu ya dola 219, tumemaliza. Simlaumu, kwa sababu karatasi aliyopewa haina kingine.

Ambacho karatasi haikusema ni kasi. Xeon 4314 mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.4, yaani mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde, na kori chache zikiwa kazini hupanda hadi 3.4. EPYC 7313P huanzia 3.0 na kupanda hadi 3.7. Gigahezi za kampuni mbili hazilinganishwi kama kilo na kilo, maana pigo moja la prosesa hii si lazima lifanye kazi sawa na pigo la ile. Lakini kwa vizazi hivi viwili, kazi inayofanyika katika pigo moja haipishani sana, kwa hiyo pengo la mwendo ni pengo la kweli.

Mwendo huo unatuhusu lini? Fikirini ghala lenye mizani 16. Foleni ikiwa ndefu, mizani nyingi ni neema, wakulima 16 wanapimiwa kwa mpigo. Lakini mzee mwenye gunia lake moja hapimiwi haraka zaidi kwa sababu mizani ni 16. Haraka yake ni ya mkono wa karani aliye mbele yake. Asubuhi ya minada, makarani wa vyama vyote wanapoingiza stakabadhi kwa pamoja, mnahitaji mizani nyingi. Usiku, mhasibu anapoandaa orodha ya kupeleka benki, na programu inapita mkulima mmoja mmoja, kilo zake, makato yake, ushuru, akaunti, hapo mara nyingi inafanya kazi kori moja tu, nyingine 15 zimekaa. Mnahitaji mkono mwepesi. Ndiyo maana shirika la SPEC, ambalo vipimo vyake vya prosesa vinatumika duniani kote, lina kipimo cha kazi moja kukamilika upesi na kipimo kingine cha kazi nyingi kwa pamoja. Muuzaji akikuonyesha namba, muulize ni ya kipimo kipi.

Halafu kuna kashe, ile memori ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ichukulieni kama meza ya karani: daftari likiwa mezani anaandika, likiwa stoo anainuka kulifuata. Xeon hii ina kashe kubwa ya MB 24, EPYC ina MB 128. Muuzaji atasema ni zaidi ya mara tano. Hasemi uongo, ila hajamaliza maneno. Zile MB 128 zimegawanywa mafungu manne ya MB 32, kila fungu na kori zake nne. Kori ya fungu la kwanza haitandazi madaftari yake kwenye meza ya fungu la tatu. Xeon kwa upande wake ina meza moja ya MB 24 kwa kori zote 16, na kila kori ina kijimeza chake cha pembeni cha MB 1.25, wakati cha EPYC ni nusu MB. Hata ukihesabu hayo yote, kori nne kwa MB 32 na kori 16 kwa MB 24 si hali moja. Kwa kanzidata, inayorudia rudia kumbukumbu zilezile, meza kubwa inaonekana.

Xeon nayo ina haki yake. Ina maelekezo ya AVX-512, ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja, ambayo EPYC ya kizazi hiki haina. Mtafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele anayepiga hesabu nzito za takwimu kwa programu iliyoandikwa kuyatumia ana sababu nzuri ya kuichagua. Pia Xeon 4314 zinaweza kukaa mbili kwenye mashine moja, wakati ile herufi P mwishoni mwa 7313P maana yake ni prosesa ya kukaa peke yake. Anayetaka mbili anunue 7313 isiyo na P, iliyotoka kwa dola 1,083. Kwa daftari la wakulima, sijaona chama katika mkoa huu kinachohitaji lolote kati ya hayo.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye memori, kwa sababu hapa ndipo nimeona fedha za ushirika zikipotea bila mtu kuiba. Prosesa zote hizi mbili zina njia nane za kwenda kwenye RAM, memori kuu ya mashine. Nane! EPYC hupokea RAM za DDR4 za kasi ya 3200, na kila njia hupitisha takriban GB 25.6 kwa sekunde. Zidisha kwa nane, unapata karibu GB 205. Xeon 4314 inaishia kasi ya 2667, njia zake nane zinafika kama GB 170. Tofauti ipo, lakini tazameni profoma hii niliyoishika, hii ya EPYC. Imeandikwa "RAM GB 64, vipande viwili vya 32." Vipande viwili ni njia mbili. Njia sita zimefungwa. Hiyo EPYC ya GB 205 itapata GB 51, na Xeon iliyopangwa vizuri itakuwa na njia pana mara tatu ya hapo. Ni ghala lenye milango minane, mmefungua miwili, halafu mnamlaumu mlinzi kwamba foleni haiendi. GB 64 zilezile zikiletwa kwa vipande vinane vya GB 8, milango yote inafunguka. Muuzaji atasema viwili vinaacha nafasi ya kuongeza baadaye. Mjibuni kwamba basi alete vinane vya 16, tutakaa miaka.

Nitawaeleza kosa langu. Miaka kadhaa nyuma chama kimoja kiliniita, mfumo unasuasua. Nikafungua mashine, nikaona prosesa ya zamani, nikasema ugonjwa ni huu. Nikaandika barua ya ushauri kwa mkono wangu, wakanunua seva yenye prosesa mbili mpya, na ili kubana matumizi tukahamisha diski zilezile za zamani. Usiku wa kwanza wa malipo orodha ilichukua muda uleule, labda dakika chache pungufu. Nilikaa mbele ya kioo saa sita usiku, mhasibu yuko nyuma yangu kasimama, hasemi kitu. Nikaandika amri ya top, inayoonyesha mashine inashughulika na nini. Kwenye mistari ya juu kuna herufi mbili, wa, ndizo zinazoonyesha muda ambao prosesa inasubiri diski. Nikaona zaidi ya nusu ya muda, zile prosesa mpya zimekaa zinasubiri.

Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu ya mzunguko ili sehemu unayoitaka ifike chini ya kichwa cha kusomea, milisekunde 4 na kidogo. Sikilizeni: katika muda huo, prosesa ya gigahezi 3 imepiga mapigo zaidi ya milioni 12. Milioni 12, imekaa inasubiri sahani ya chuma izunguke nusu! Ndiyo maana diski kama hiyo huhudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya seva, diski isiyo na kinachozunguka, huhudumia makumi ya maelfu. Pesa ya prosesa zile ingenunua SSD nne na betri mpya za UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, na chenji ingebaki. Waliobeba kosa langu ni wakulima waliokuwa wanangoja malipo yao vijijini. Sijalisahau, na ndiyo sababu siku hizi sitoi ushauri wa prosesa kabla sijauona ule mstari wa juu wa top usiku wa kazi.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini tununue seva kabisa, si tuweke kila kitu kwenye wingu? Wingu ni zuri kwa nakala ya akiba, wekeni huko. Lakini tunakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Mwenye daftari lake ofisini alifungua akafanya kazi.

Nije kwenye umeme, maana sisi wa Kusini tunaujua umeme kwa machungu yake. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea mitambo ya gesi ya hapa hapa. Watu wananiuliza, hiyo EPYC si inakula zaidi? Kwa karatasi ndiyo, wati 155 dhidi ya 135. Tofauti ni wati 20. Tufanye ziko kwenye mzigo kamili usiku na mchana mwaka mzima, jambo ambalo haliwezi kutokea kwenye chama cha msingi: hizo ni uniti 175. Nikichukua shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 62,000 kwa mwaka. Haya, wekeni na kiyoyozi juu yake, maana kila wati inayoingia kwenye seva inatoka kama joto na lazima litolewe. Bado si hesabu ya kumfanya mtu abadili uamuzi. Angalizo ni moja, EPYC za kizazi hiki hula umeme wa kuhisika hata zikiwa zimetulia, na wati za kwenye karatasi si zile zinazotoka ukutani. Kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi si kitu cha ghali. Kitumieni.

Na tafadhali, wenzangu wa Shangani na Mikindani, msifungue dirisha ili upepo wa bahari upooze seva. Nimewahi kufungua mashine iliyopozwa hivyo, meno ya RAM yamejaa kutu ya kijani na unga mweupe wa chumvi. Nilipoivuta ile RAM, meno mawili yalibaki kwenye nafasi yake.

Sasa leseni. Hapa naomba wahasibu waandike.

Ikiwa mfumo wenu unatumia kanzidata ya PostgreSQL au MySQL ya bure, kori ni zenu, tumieni mnavyotaka. Ikiwa unatumia SQL Server, kanzidata ya Microsoft, kwa leseni ya kori, mambo yanageuka. Toleo la 2022 la Standard huuzwa kwa pakiti ya kori mbili, bei ya orodha dola 3,945, na lazima ulipie kori zote zilizomo kwenye mashine. Kori 16 ni pakiti nane, dola 31,560. Rudini kwenye zile dola 219 tulizokuwa tunagombania mwanzo. Zimekuwa nini?

Ndiyo maana kuna prosesa ambazo ukiziona kwenye orodha unadhani kuna makosa ya uchapaji. EPYC 72F3 ya mwaka huohuo 2021 ina kori 8 tu, nusu ya 7313P, na bei yake ya orodha ilipotoka ilikuwa dola 2,468. Nusu ya kori, zaidi ya mara mbili na nusu ya bei! Lakini huanzia gigahezi 3.7, hufika 4.1, na leseni ya kori zake 8 ni dola 15,780. Umeongeza dola 1,555 kwenye prosesa, umeokoa dola 15,780 kwenye leseni, na orodha ya usiku inatoka mapema zaidi. Prosesa ghali ndiyo iliyokuwa rahisi. Ipo pia leseni ya kulipia seva na idadi ya watumiaji, na ofisi ya watu 12 karibu kila mara itaiona hiyo ni nafuu kuliko ya kori. Ulizeni kabla ya kusaini. Windows Server yenyewe ina kiwango cha chini cha kori 16 kwa kila mashine, kwa hiyo huko kupunguza kori hakukuokolei kitu.

Na hapo ndipo seva za mtumba zinapowaumiza watu. Unaletewa kutoka Kariakoo mashine ya Xeon E5-2680 v4 mbili, za mwaka 2016, kori 14 kila moja, jumla 28, kwa bei ya kuvutia. Kwa PostgreSQL na nakala za akiba ni mashine yenye kazi zake, sina ugomvi nayo, ingawa prosesa peke yake ni wati 240. Kwa SQL Server 2022 Standard utalipia kori 28, dola 55,230, halafu toleo hilo lina kikomo cha kori 24. Nne umezilipia zikae.

Kwa EPYC za mtumba kuna mtego wa pili. Baadhi ya watengenezaji wa seva huifunga prosesa kwa bodi zao mara inapowashwa mara ya kwanza, isikubali kuwaka kwenye seva ya kampuni nyingine. Ukinunua prosesa peke yake mtaani, inunue kwa masharti kwamba utairudisha isipowaka kwenye bodi yako, na iandikwe kwenye risiti. Xeon za umri huo hazina shida hiyo, na vipuri vyake vinapatikana upesi. Kwa ofisi iliyoko Newala au Liwale, ambako bodi ikifa unasubiri basi, hilo ni jambo zito.

Mhasibu wangu wa kalamu nyekundu, jibu lako ni hili. Ninyi mnatumia PostgreSQL, mnataka seva moja, nimeuona mstari wenu wa top na diski zenu tayari ni SSD. Chukueni EPYC 7313P, lipeni zile dola 219, na mrudisheni muuzaji abadilishe RAM iwe vipande vinane. Asipokubali kubadilisha RAM, chukueni Xeon iliyopangwa vizuri kutoka kwa mwingine. Vyama ambavyo bado vina diski za kuzunguka, msinunue prosesa yoyote mwaka huu. Nunueni SSD na betri, mtapita msimu.

Mashine ile pale pembeni ni 7313P, nimeazimwa hadi kesho jioni. Nimeiwasha tangu saa mbili asubuhi. Mwenye nakala ya msimu uliopita kwenye flashi aje nayo, tuondoe kwanza majina na namba za simu za wakulima, tuipakie, tuendeshe orodha ile ile iliyowakesha mwaka jana, na saa yako mkononi. Tunaanza na chama kitakachofika kwanza mezani.